Sikulala, Nilifumba Macho Tu

Katika miaka 19 ya ndoa nimeshinda kesi moja tu nyumbani kwangu, nayo niliishinda kwa kukosekana ushahidi. Mama Neema hudai kwamba nalala vikaoni: kikao cha shule, jumuiya, hata matangani. Jibu langu halijawahi kubadilika: "Sikulala, nilifumba macho tu." Nani angethibitisha?

Mimi ni fundi wa vifaa tiba hapa Tabora. Nikaalikwa Kigoma kwenye warsha ya siku mbili ya watafiti wanaounganisha ubongo na kompyuta. Unavishwa kofia yenye vinasa umeme, mashine inasoma mawimbi ya kichwani, na hata mtu aliyepooza anaweza kuandika herufi bila kugusa kitu. Nikapanda treni ya usiku. Urambo, Kaliua, Uvinza, zote nilizipita bila kupata hata lepe la usingizi, maana jirani yangu alibeba jogoo kikapuni, na jogoo yule alikuwa na saa zake mwenyewe.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Kijana mtafiti aliyetufundisha alitusimulia habari za Hans Berger, daktari wa Kijerumani. Enzi za ujana wake jeshini, Berger alianguka kutoka kwenye farasi akaponea chupuchupu. Siku hiyohiyo dada yake, aliyekuwa mbali, akaingiwa na wasiwasi juu yake, mpaka baba yao akapiga telegramu kumjulia hali. Berger akaamini fikra husafiri kutoka kichwa kimoja hadi kingine, akatumia miaka kuzitafuta. Fikra zinazosafiri hakuzipata. Alichopata, mwaka 1924, ni umeme wa ubongo wa binadamu uliosomwa kutoka kichwani, na wimbi aliloliita alfa: mara 8 hadi 13 kwa sekunde, hupanda mtu akifumba macho huku yu macho.

Akifumba macho huku yu macho! Nikapigia mstari mara mbili kwenye daftari. Sayansi ilikuwa upande wangu, na Mama Neema angeisoma kwa macho yake.

Kisha kikaja chakula cha mchana. Ugali wa muhogo, migebuka iliyoungwa kwa mawese. Nilikula kama mtu atakayerudi Tabora kwa miguu.

Saa nane na nusu kijana akaomba mtu wa kujitolea. Muuguzi mmoja akakataa kabisa: "Nimesukwa jana, mniache." Alikuwa na haki, maana kinasa lazima kiguse ngozi, na rasta hazitaki mzaha. Macho yote yakahamia kwenye kipara changu. Nikavishwa kofia, wakaingiza jeli ya baridi kwa sindano butu, tundu moja baada ya jingine. Kama fundi niliwaeleza wenzangu uzito wa kazi ile: betri ya redio ya volti 1.5 ni maikrovolti 1,500,000, lakini umeme wa ubongo unaofika kwenye ngozi ya kichwa ni makumi tu ya maikrovolti. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Ghafla mistari ya mawimbi yangu, iliyokuwa ikioneshwa ukutani, ikaruka kama samaki wavuni. "Mzee, unatafuna?" Sikuwa natafuna. Nilikuwa natafuta mwiba wa mgebuka kwa ulimi, na misuli ya taya ina umeme unaoumeza ule wa ubongo. Nikaomba radhi, nikatulia.

"Sasa fumba macho, Mzee. Jamani, itazameni alfa."

Nikafumba. Nikasikia watu wakisema "aaah!" Alfa ilipanda, nzuri, imejipanga kama meno ya kitana. Feni ikawa inaimba juu yangu. Kiti kilikuwa cha kuegemea. Hayo ndiyo ninayokumbuka.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Kijana aliendelea kufundisha, tena kwa furaha, kwa sababu somo lilijileta lenyewe. "Oneni, alfa inakatika. Haya mawimbi ya taratibu, mara 4 hadi 7 kwa sekunde, ni theta. Mzee anasinzia." Baadaye kidogo: "Na hivi vifundo vya haraka? Hapo Mzee amekwisha kulala." Ukumbi mzima ukanyamaza, si kwa heshima, ila wasiniamshe kabla hawajapiga picha.

Kilichoniamsha ni simu. Spika ya sikioni ilikufa siku nyingi (fundi na simu yake, msiniulize), kwa hiyo hupokea kwa sauti ya nje. Nikabonyeza. Mama Neema, kutoka Tabora, bila hata salamu:

"Baba Neema, umelala?"

"Nilale wapi, Mama Neema? Nimefumba macho tu!"

Vicheko viliniambia kwamba nyuma yangu kulikuwa na ukuta, na ukutani kulikuwa na ushahidi. Mtu akapiga kelele kwamba Berger alikufa bure, fikra zinasafiri. Bibi mmoja wa jikoni, aliyekuja kukusanya vikombe, akanisalimu kwa Kiha: "Mwakeye, baba!" Hiyo ni salamu ya asubuhi. Ilikuwa saa tisa alasiri.

Jioni tulialikwa chakula ufukweni. Wenzangu walishindana kuandika maneno kwa kutazama herufi zinazowakawaka. Mimi nilikaa kando na kofia ya kawaida, jeli imekauka kipara chote kama ukoko wa uji, huku kila anayepita akiniita Mzee Theta. Nikiwa bado natafuta njia ya kuwaomba wasisambaze zile picha, simu ikatetemeka. Kundi la ukoo. Picha ilikuwa imetangulia, na mama mkwe alikuwa ameshaweka vidole gumba vitatu.

Neema yuko darasa la tano. Kaichora ile mistari kwa mkaa ukutani juu ya kiti changu, ya karibukaribu kushoto, ya mbalimbali kulia. Siku hizi nikiegemea tu baada ya chakula, nasikia sauti kutoka mlangoni:

"Mama, njoo! Alfa inakatika!"