Kabla ya chupa, daftari la virusi wetu

Ukitaja virusi hapa Mombasa, mtu atakuuliza kama korona imerudi ama ni dengi. Simlaumu. Lakini virusi walio wengi hawana haja naye kabisa. Wao huwinda bakteria, na majini ndiko walikojaa. Watafiti wa Norway walipowahesabu kwa darubini ya elektroni mwaka 1989, walikuta hadi milioni 250 ndani ya mililita moja ya maji ya asili. Mililita moja haifiki hata robo ya kijiko cha chai.

Mimi wingi haunishtui sana. Kinachonishangaza ni tofauti zao. Faji, kama wanavyoitwa na wataalamu, wapo wenye mkia mrefu, wenye mkia kisiki na wasio na mkia. Kila mmoja ana windo lake, mara nyingi aina moja tu ya bakteria: humgandama, humdunga jeni zake, huzaliana ndani, mara nyingi mpaka ampasue. Baadhi ya wanaoshambulia bakteria wa kijani, jamaa za wale wanaoipaka rangi Ghuba ya Winam kule Kisumu, hubeba hata jeni za kutumia mwanga wa jua, ili windo liendelee kuchapa kazi huku linaliwa. Na jeni za faji zilizosomwa kutoka maziwa kama Baikal la Urusi, nyingi hazifanani na chochote kilichokwisha kuandikwa.

Hapa ndipo tunapobishana na wenzangu. Wanasema tuagize faji wa chupa wawe dawa, maana bakteria wameshazoea vidonge vya antibiotiki. Kuzoea wamezoea: mitaani unauziwa amoksisilini mbili mbili kama peremende, cheti cha daktari hakiulizwi. Na huko nchi ya Georgia wanatibu kwa faji tangu miaka ya 1920. Ila faji ni mchaguzi. Aliyetolewa Tbilisi, mji mkuu wao, huenda asimtambue bakteria wa Likoni. Tena si wote wema: jeni ya sumu ya kipindupindu inabebwa na faji, jambo lililogunduliwa mwaka 1996. (Kwa hiyo maji ya mtungi endeleeni kuyachemsha.)

Ninachotaka ni daftari la faji wetu kwanza. Maziwa Jipe na Chala yako huku huku Taita Taveta. Jipe lina kina kifupi na matete tele. Chala ni shimo la volkano, refu kwenda chini. Sitarajii faji wa huku na huku wawe sawa. Wanafunzi wa vyuo vya Pwani wapewe nauli, vichujio na nafasi maabara, wakachote maji.