Kila Mtu Fundi wa Kabureta

Hivi ni nani aliyeanzisha huu uvumi kwamba pikipiki kuukuu ikizima njiani basi ni kabureta, kile kifaa kinachoichanganyia injini petroli na hewa? Namtafuta. Sina ugomvi naye, nataka tu nimkabidhi spana na tambara, akae hapa uani kwenye turubai langu, magoti yamchubuke, mimi niende zangu kulala.

Maana kabureta imekuwa mtoto wa kambo: kikombe kikivunjika ni yeye, mbuzi akipotea ni yeye. Nimesimama kando ya barabara napiga kiki, jasho linanitiririka mpaka kisigino. Mzee mwenye baiskeli anapita: "Kabureta hiyo, kijana wangu." Dereva wa lori wala hasimami, anapunguza mwendo, anatoa kichwa dirishani: "Kabureta hiyo, bwana!" Mtoto wa shule, begi linamzidi mgongo, anasimama, anaitazama pikipiki, ananitazama mimi kwa huruma: "Shikamoo. Ni kabureta."

Marahaba, mwanangu. Nenda shule.

Na nikisema kuukuu naomba nieleweke. Hii pikipiki skrubu zake zimeshikwa na watu ambao wengine sasa ni marehemu, na kila mmoja kaacha alama yake. Tabia nayo inayo. Ikizima njiani, imezima. Ukiikokota mpaka kwa fundi, inawaka kwa kiki ya kwanza, inakaa sailensa, yaani inaunguruma polepole bila kuongezewa mafuta, kwa adabu zote, haimisi hata kidogo, na fundi anaacha kuitazama pikipiki anaanza kukutazama wewe usoni, anatafuta ugonjwa huko.

Kuzima kwenyewe kulikuwa na ratiba. Inatembea vizuri, inafika mahali inaanza kukohoa, nguvu zinashuka, kimya. Kiki, kiki, kiki, wapi! Unakata tamaa, unakaa kwenye jiwe unafikiria maisha. Ukiinuka, kiki moja, hiyo imewaka, kana kwamba hamkugombana. Sasa nyie mnaosema kabureta, kabureta gani inayopona kwa kupumzika?

Nikafungua mfuniko wa tangi. Fyuuuu! Tangi likavuta pumzi mbele yangu. Mafuta yakishuka lazima hewa iingie juu kushika nafasi yake, ndiyo maana mfuniko una kitundu. Hewa isipoingia, tangi linayavuta mafuta juu na kabureta inayavuta chini, na kabureta ndiyo inayoshindwa. Ukiisubiri, hewa inajipenyeza kidogo kidogo, safari inaendelea, mbele kidogo hadithi ni ile ile. Na kitundu changu kilizibwa na nini? Na rangi. Aliyeimiliki kabla yangu aliupaka mfuniko rangi, tena kwa ustadi, koti mbili, inang'aa, akaunyima pua. Nikaikwangua kwa sindano ya kushonea ya mama watoto. Huyu mama watoto mtamsikia bado.

Toka siku hiyo nina msimamo wangu na sitoki hapo: petroli inateremka, na wewe teremka nayo. Anza kwenye mfuniko, shuka kwenye koki, kile kifungulio cha mafuta chini ya tangi, shuka kwenye mpira wa mafuta, ndipo ufike kwenye kabureta. Watu wanaanzia katikati kwa sababu kabureta ina skrubu nje, na mtu akiona skrubu mkono unawasha. Hakuna anayewashwa na mfuniko.

Basi tukashuka. Kwenye koki unachomoa mpira, unaweka chupa ya kioo chini, unafungua, unaangalia. Mafuta yaje kwa mkondo usiokatika. Yakidondoka tone tone, kuna kitu kimekaa njiani. Halafu kuna koki nyingine za Kijapani zinazofunguliwa na mvuto wa injini: injini ikiwa imezima, hazitoi hata tone, labda uigeuze kwenye PRI, alama inayoruhusu mafuta yapite bila kungoja injini. Hizo zimewatesa watu bure. Mtu anaipasua koki, anaisafisha, anaibusu, anairudisha, haitoi, kumbe ndivyo ilivyozaliwa.

Chupa niliikuta jikoni.

"Baba watoto, hiyo chupa ni yangu."

"Naiazima tu, mama watoto. Nitaiosha."

"Petroli haioshwi ikatoka."

Ni kweli haitoki, lakini ukweli si kitu cha kukubali mbele ya mwenye chupa. Nikaenda nayo. Nikakinga, nikainua juani. Petroli iko juu, safi, na chini kabisa matone ya maji yamejiviringisha. Ukiinamisha chupa yanakimbizana, hayataki kuchanganyika na mtu. Kati yake vumbi la kutu, jekundu, laini, linazunguka taratibu halafu linalala. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo tu, kwa hiyo maji siku zote yatakwenda chini. Na rizevu, ile akiba ya mwisho unayoigeuzia koki mafuta yakiisha, inanyonya wapi? Chini. Ile ya kawaida ina kibomba kilichosimama ndani ya tangi, kinakunywa kutoka juu juu kistaarabu. Rizevu inalamba sakafu. Ndiyo maana hizi za zamani zinafia pale pale unapogeuza rizevu, siku ambayo ndiyo pekee uliyoihitaji.

Tena petroli nyingi siku hizi zimetiwa ethanoli. Ile iitwayo E10 ina hadi asilimia 10. Ethanoli inapenda maji, inayakaribisha mpaka ya hewani, na mipira ya zamani ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake inaitafuna. Mpira unavimba, unalainika, vipande vinaanza safari kuelekea kabureta, halafu mwenye baiskeli anasema ile kauli yake.

Kutu ya tangi ni adhabu nyingine. Tangi likikaa muda mrefu nusu tupu, unyevu unaganda kwenye bati la juu, linaota kutu kwa ndani huku nje linametameta. Dawa mojawapo ni siki: unajaza, unaacha ifanye kazi, unamwaga, unasuuza, unakausha haraka kabla kutu haijarudi kusalimia. Kutu ya ukaidi unatia nati na vipande vya mnyororo, unakumbatia tangi, unatikisa. Sijui kama mmewahi kusikia hiyo sauti. Jirani yangu aliisikia. Akaja kuuliza kuna nini, sigara mdomoni, beseni lenye petroli niliyoitoa liko hatua chache kutoka miguuni kwake.

"Jirani, sigara!"

"Hapana, ahsante, ninayo."

Nilirukia beseni, sikumrukia yeye, na mpaka leo sijui kwa nini nilichagua hivyo. Jamani, petroli haingojei kiberiti kiiguse. Unaowaka ni mvuke wake, nao ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kwa chini mpaka umkute mwenye sigara alipo. Nilipomweleza akaizima, akaikanyaga, akachutama, akatazama pikipiki isiyo na tangi, akasema, "Mimi ningeanzia kwenye kabureta."

Haya. Tuje kwenye kabureta yenu.

Ukitaka wa kumshitaki, Wahangaria wawili, Donát Bánki na János Csonka, walipata hataza ya kabureta mwaka 1893. Kazi yake ukiisikia ni rahisi: gramu moja ya petroli ikutane na gramu 14.7 za hewa, zichanganyike, ziingie ndani. Kifaa kisicho na macho wala mizani kinatakiwa kifanye hivyo ukipanda mlima, ukishuka, asubuhi yenye baridi, mchana wa jua kali. Mimi nina macho na mizani na bado sijawahi kupatia chumvi.

Kuifungua tu ni vita. Zile skrubu za msalaba kwenye pikipiki za Kijapani za zamani zinafanana na zile za kawaida, lakini mkato wake ni mwingine. Ukitia bisibisi ya kawaida inapanda juu, inateleza, inakula kichwa. Za kwangu zilishaliwa zamani na wale marehemu, moja imebaki duara, haina msalaba wala dini. Nilimwomba kijana wangu anishikie tochi. Ukimpa mtoto tochi anamulika kila kitu duniani isipokuwa mkono wako. Alimulika ukuta, akamulika paka, akajimulika kidevuni awe jini.

Bakuli la kabureta likafunguka. Petroli iliyolala inageuka kitu kingine: inanata, ina rangi ya hudhurungi, inanuka vanishi, na imejipaka kila mahali. Boya lake ni la shaba. Nikalitikisa sikioni: chwa, chwa. Boya lenye petroli tumboni halielei tena, linazama, na likizama ile sindano inayoziba njia ya petroli haifungi mlango, kabureta inafurika inamwaga nje. Kujua lilipotoboka, unalitumbukiza kwenye maji ya moto, pale panapotoka mapovu ndipo penyewe. (Maji ya moto yatoke jikoni, sufuria itoke jikoni, na jikoni kuna mwenyewe. Nayaruka mazungumzo hayo.) Halafu unalikausha petroli yote ndipo ulizibe tundu kwa risasi ya kulehemia, kidogo sana, maana risasi ikizidi boya linakuwa zito na kipimo cha mafuta kinabadilika.

Na jeti, vile vipande vidogo vya shaba vyenye kitundu cha kupimia petroli. Hapa naomba heshima. Ile jeti ndogo, ya sailensa, ina kitundu ambacho mara nyingi hakifiki nusu milimita. Kikiziba, pikipiki haitawaka bila choki, ile ya kubana hewa wakati wa kuwasha, na ukiirudisha choki inazima. Ukiona hivyo, injini inalia njaa. Nikaishika kwa ncha za vidole, nikaielekeza juani, jicho moja nimelifumba. Giza. Nikailoweka, nikaipuliza hewa, nikaangalia tena, mpaka kikatokea kinyota cheupe, duara kamili. Nawaambieni nilifurahi kuliko siku nyingi nilizovaa suti.

Shemeji yangu akafika na waya wa chuma. "Ungechokonoa tu, shemeji, ungekuwa umeshamaliza." Nikaikumbatia jeti kifuani. Chuma ni kigumu kuliko shaba. Ukichokonoa unakipanua kitundu, namba iliyochongwa pembeni inakuwa ya uongo, na kuanzia hapo pikipiki inakunywa mafuta na kutapika moshi mweusi. Shemeji akanuna. Katika kununa akagonga sinia, kile kispringi cha skrubu ya hewa, ile ya kurekebisha mchanganyiko, kikaruka, tukakisikia kimeanguka mahali, na hapakuwa na mahali. Tulitambaa wote, hata jirani. Kijana mwenye tochi ndiye aliyekiona, maana alikuwa anamulika asikoambiwa.

Wakati natambaa nilimkumbuka mtu mwenye Honda CB750. Ile ilitoka mwaka 1969 na kabureta nne. Nne! Zote ziwe safi, zote zivute sawasawa. Nikaacha kulalamika kwa muda.

Kabla ya kufunga nikaupinda mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukiwa umenyooka ni mzima. Ukiupinda unafungua mikunjo, nyufa tupu. Hewa ya wizi inaingia hapo bila kupimwa, na dalili yake ni kwamba ukiachia mafuta injini haishuki upesi, inabaki inapiga kelele peke yake. Ukiwa na shaka, nyunyizia maji ya sabuni pale injini ikiwa inaunguruma. Mlio ukibadilika, umemkamata mwizi. Mpira mpya nikaufunga, plagi nikaifuta masizi, mafuta mapya, koki wazi.

Kiki. Kiki. Ikawaka.

Skrubu ya hewa unaizungusha ndani taratibu mpaka ikae, usiikaze, halafu unairudisha nje kama mzunguko mmoja na nusu, kisha unatafuta kwa sikio pale injini inapokwenda vizuri zaidi. Hiyo kazi haitaki haraka. Robo huku, robo kule, unangoja, unasikiliza. Nilipoipata, sailensa ilitulia, tuk tuk tuk tuk, mama watoto mwenyewe akachungulia dirishani na hakuuliza habari za chupa. Nikaenda kunawa mikono.

Nilivyorudi nikamkuta jirani amechutama, bisibisi yangu mkononi, uso umejaa nia njema.

"Nimeona ilikuwa inataka kukazwa kidogo," akasema.

Nikamwuliza ameizungusha kiasi gani.

Akasema hakuhesabu.