Mwalimu Mkristo Oman: Krismasi Yako Usiifiche

Walimu wengi kutoka Afrika Mashariki wanaosaini mkataba wa kuja kufundisha Ghuba huniuliza swali moja kabla hata ya kuuliza mshahara: huko kwa Waarabu Krismasi mnailia wapi? Wazazi wao ndio huwa na hofu zaidi. Wanadhani mtoto wao anakwenda mahali ambako Desemba itapita kimya, Biblia ikiwa imefichwa chini ya godoro. Nafundisha Kiingereza katika shule binafsi hapa Muscat, mji mkuu wa Oman, na jibu langu halibadiliki. Krismasi ipo. Kinachokosekana ni likizo, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Oman wiki ya kazi ni Jumapili hadi Alhamisi. Sikukuu ya Taifa, ambayo tangu 2025 huadhimishwa tarehe 20 na 21 Novemba, ikishapita, Desemba yote hakuna siku ya mapumziko ya kitaifa yenye tarehe ya kudumu, labda sikukuu ya Kiislamu iangukie hapo. Tarehe 25 ni siku ya kazi, tarehe 1 Januari ni siku ya kazi, na siku ya kwanza ya kudumu inayofuata ni tarehe 11 Januari, kumbukumbu ya Sultan Haitham kushika madaraka. Krismasi ya 2025 iliangukia Alhamisi, na wengi wetu tuliingia darasani kama kawaida. Ya 2026 itakuwa Ijumaa, kwa hiyo tutapumzika pamoja na nchi nzima. Mgeni lazima alielewe hili mapema, maana anayekuja akitegemea shule ifungwe kama kwao ataumia bure.

Ibada ni suala jingine. Ruwi, katikati ya mji, kuna eneo zima la makanisa, Wakatoliki na Waprotestanti wakiwa majirani, na lingine liko Ghala, mjini humuhumu. Ardhi ilitolewa na Sultan Qaboos, mtangulizi wa Haitham. Sheria iko wazi: ibada zisizo za Kiislamu hufanyika katika maeneo yaliyoruhusiwa, kwa hiyo huwezi kuigeuza fleti yako kuwa kanisa wala kuzunguka mitaani na kwaya. Ndani ya uzio wa kanisa, hata hivyo, hakuna anayekuuliza kitu. Kwa sababu Jumapili watu wako kazini, siku kanisa linapofurika ni Ijumaa, na utasikia misa kwa Kiingereza, Kimalayalam, Kitagalogi, Kikonkani, Kitamil na Kiarabu.

Mkesha wa Krismasi pale Ruwi ningependa kila mwenye wasiwasi auone. Wahindi wa Kerala hutundika nyota kubwa za karatasi zenye taa ndani, kama wafanyavyo kwao. Wafilipino wana nyota zao pia, na kabla ya hapo wamekuwa na ibada zao tisa za kuelekea Krismasi, kuanzia katikati ya mwezi. Watu ni wengi kuliko viti, hivyo wengine husimama uani, watoto wamelala mabegani, akina mama wauguzi wamekuja na sare za zamu maana saa chache baadaye wanaingia wodini. Nimesali Krismasi nyumbani tangu utoto, kwenye makanisa niliyozoea, lakini sijawahi kuona watu waliotoka mbali namna ile, waliochoka namna ile, wakiimba kwa nguvu namna ile. Anayesema Krismasi ya ugenini haina ladha hajafika Ruwi usiku huo.

Sasa nije kwenye linalonikera. Kuna walimu waliotutangulia hapa ambao humpokea mgeni kwa ushauri mmoja: nyamaza. Usiseme wewe ni Mkristo, usiseme unakwenda kanisani, ukiulizwa Desemba unafanya nini sema unapumzika. Wanautoa kwa nia njema, na katika nchi nyingine pengine una maana. Kwa Oman naukataa. Niliowakuta hapa ni watu wanaomheshimu mwenye dini yake, na wanaomshangaa zaidi ni yule anayeonekana hana anachokishika. Mzazi anaponiuliza nasali wapi huwa hanipelelezi, anataka kujua mtu anayemlelea mwanawe mchana kutwa ana maadili ya aina gani. Ukimjibu kwa kujiumauma unampa sababu ya kukutilia shaka.

Halafu Oman ina jambo ambalo sisi waongeaji wa Kiswahili hatulipati kwa kiwango hiki kwingine Ghuba. Familia nyingi hapa zina mizizi Zanzibar na mwambao wetu, na wazee wao bado wanazungumza Kiswahili fasaha kuliko changu. Kuna bibi mmoja ambaye humfuata mjukuu wake getini. Siku aliyogundua ninakotoka alinishika mkono. "Shikamoo bibi," nikamwambia. "Marahaba mwanangu. Na sikukuu yenu ndo hii yaja, huendi kwenu?" Nikamweleza kwamba mwaka huo siendi. Akaniambia kwamba utotoni mwake, Unguja, alikuwa akisikia kengele za kanisa Katoliki la Minara Miwili na wao watoto wa Kiislamu walijua leo kwa kina fulani kuna sahani itakuja, kama nao walivyopeleka zao siku ya Idi. Wiki ile ya Krismasi alimpa mjukuu bakuli la halua aniletee, ile ya Oman, nyeusi inayovutika, yenye harufu ya zafarani na hiliki. Mtoto akaliweka juu ya meza yangu katikati ya madaftari na kusema kwa Kiswahili cha kukariri: "Bibi kasema sikukuu njema." Ningekuwa nimefuata ushauri wa kunyamaza, bibi yule asingenifahamu na mimi nisingemfahamu.

Uwazi una mipaka yake, na hapa nakuwa mkali kwa walimu wenzangu. Darasani mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Kuwahubiria Waislamu ni marufuku kwa sheria ya nchi, na hata kama isingekuwa sheria, mzazi hakunikabidhi mwanawe kwa kazi hiyo. Sipambi darasa miti wala sifundishi nyimbo za Noeli kwa kisingizio cha msamiati. Lakini mwanafunzi akiuliza, anajibiwa. Mwaka mmoja msichana wa darasa la saba aliuliza kama kweli tunasherehekea kuzaliwa kwa Nabii Isa. Nikasema ndiyo, kisha nikamwomba anieleze wao wamefundishwa nini. Akanisimulia kutoka Sura ya Maryam, ya 19 katika Kurani: Maryam alivyojitenga, uchungu ukamshika chini ya mtende, akaambiwa alitikise shina zimwangukie tende mbivu. Alisimulia kwa makini, akichagua maneno ya Kiingereza moja moja, na darasa zima lilinyamaza likimsikiliza. Ilikuwa insha ya mdomo bora kuliko zote za muhula ule. Tunatofautiana juu ya mtoto yule ni nani, na tofauti hiyo si ndogo. Sikuona haja ya kuifuta wala kuichokonoa.

Suala la nauli nalipitia haraka. Usijikaze kurudi nyumbani Desemba kwa mkopo. Tiketi za mwezi huo hupanda kwa sababu kila mtu anasafiri, wakati kiangazi, joto la hapa likivuka nyuzi 40, shule hufunga kwa wiki nyingi na ndipo unapoweza kukaa na wazazi ukatosheka. Desemba yenyewe ndiyo majira mazuri ya Oman, hewa ya Muscat ni ya kutembea nje mchana, na milimani Jebel Shams usiku ni baridi ya kuhitaji blanketi mbili. Kusanyikeni. Viungo vya pilau vimejaa soko la Mutrah. Nyumbani wako nyuma yetu kwa saa moja tu, kwa hiyo video za mkesha wao na wetu zinakutana.

Lakini nina jambo la kuwaambia wakuu wa shule. Siombi serikali ya Oman iifanye Krismasi kuwa sikukuu ya taifa. Kalenda ya nchi ni ya wenyewe. Ninachosema ni kwamba shule inayomwajiri mwalimu Mkristo inajua tangu siku ya usaili kwamba tarehe 25 Desemba ina maana kwake. Kumpa ruhusa siku hiyo kusiwe fadhila ya kuombewa kwa kunyenyekea, ambayo mkuu akiamka vibaya haipo. Sisi tuliokulia Tanzania tumezoea kwamba Idi zote mbili ni mapumziko kwa wote, na Zanzibar, ambako Waislamu ndio karibu watu wote, tarehe 25 Desemba ofisi na shule zimefungwa. Hakuna aliyepungukiwa imani kwa hilo.

Na njia ipo, tena haigharimu shule hata baisa moja. Mwezi wa Ramadhani sheria ya kazi inampunguzia mfanyakazi Mwislamu saa, zisizidi sita kwa siku. Vipindi vya mwisho mara nyingi hutuangukia sisi tusiofunga, nasi huvichukua kwa moyo mweupe, kwa sababu mwenzako aliyeamka kula daku na hajaonja maji tangu alfajiri anahitaji kwenda nyumbani. Basi yaandikwe haya: wewe utanishikia vipindi vyangu Krismasi, mimi nitakushikia vyako kumi la mwisho la Ramadhani. Katika idara yetu tulianza kupeana hivyo wenyewe, na aliyelivalia njuga zaidi ni mwalimu wa hisabati kutoka Misri, Mwislamu, ambaye alizoea kwao kumwona jirani yake Mkopti, yaani Mkristo wa kanisa la kale la Misri, akisherehekea Krismasi tarehe 7 Januari na nchi nzima ikapumzika siku hiyo.

Mapatano ya mdomo yanategemea nani yupo. Mwalimu akihama, yanahama naye. Na kalenda ya Kiislamu inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo mwaka 2030 Ramadhani inatarajiwa kuanza siku hizihizi za Krismasi. Walimu watakaokuwa hapa mwaka huo watakuwa wanamaliza mlo wa sikukuu huku wenzao wa meza ya jirani wakijiandaa kwa daku ya kwanza, na wote watahitaji nafuu ya vipindi katika wiki ileile. Nataka utaratibu huu uwe umeshaingia kwenye ratiba rasmi za shule kabla ya hapo, na nimeshauwasilisha kwa mkuu wangu kwa maandishi.