Sheria ya uvuvi ni uonevu kwa mnyonge? Tuangalie mnyonge ni yupi

Kila serikali ikichoma nyavu haramu ufukweni, huku Moshi maneno ni yaleyale, wanaonea wanyonge, mvuvi ana watoto wanasoma, mbona meli kubwa hawazigusi. Mi sibishi kwamba uonevu upo, na nitaufikia. Ila kuna kitu tunakiruka. Anayepiga baruti Tanga au Kigamboni, yaani anayelipua bahari ili aokote samaki waliokufa, haiibii serikali, anamuibia mvuvi mwenzake wa mshipi na dema (ule mtego wa kusukwa) ambaye ana ngalawa yake hapo pembeni na ambaye ni maskini kuliko yeye.

Mwaka 2015, mwezi wa tatu na wa nne, watafiti walipita pwani yote ya Tanzania na chombo cha kusikiliza sauti chini ya maji. Kwa saa 231 za kusikiliza wakanasa milipuko 318 ya uhakika, achilia mbali ile waliyokuwa na wasiwasi nayo. Hebu gawanya mwenyewe. Ni zaidi ya mmoja kila saa, na hapo hawakuwa kila sehemu kwa wakati mmoja, maana yake milipuko ya pwani nzima ilikuwa mingi kuliko hiyo waliyoisikia wao. Halafu asilimia kama 62 ya hiyo milipuko ilikuwa ndani ya kilometa 80 kutoka Dar es Salaam. Sio kisiwa cha mbali ambako polisi anafika kwa kubahatisha, ni pua na mdomo na wizara, mahakama, polisi, kila kitu. Sheria ya Uvuvi ya 2003 ilikuwepo, kanuni za 2009 zilikuwepo, baruti imekatazwa wazi kabisa, na bado 318. Kwa hiyo mtu akiniambia shida ya pwani yetu ni sheria kuwa kali sana mi namuuliza, kali kwa nani? Mlipuko unasikika hadi nchi kavu, kijiji kizima kinajua nani katoka asubuhi ile.

Na hasara yake huwa hatuijui vizuri sisi wa bara. Samaki wa baruti wengi wanazama, mpigaji anaokota wale wanaoelea tu. Matumbawe yakishavunjwa yanageuka kifusi, kifusi kinaviringishwa na maji kila siku, vitoto vya matumbawe havipati pa kushika, na hapo panaweza kukaa miaka na miaka pamekufa. Ni sawa na mtu ang'oe kihamba kizima, shamba la migomba na kahawa la ukoo, apate kuni za siku moja. Na kihamba chenyewe sio chake.

Huku kwetu samaki wa Tanga wanafika kwenye barafu, wengine ukiwapasua unakuta damu imeganda kwenye uti wa mgongo, mifupa imeachana na nyama, nyama yenyewe inalegea kama ameshinda juani. Mama anayeijua kazi yake atambonyeza kidogo tumboni, atamrudisha chini ya barafu bila kusema neno, achukue mwingine. Wateja tunaangalia macho na bei, basi. Kwa hiyo tusijifanye hili ni la watu wa pwani peke yao.

Mfano mwingine ninaoupenda ni wa pweza. Kanuni zinasema pweza chini ya nusu kilo usimchukue. Ukisikia hivyo unaona ni usumbufu wa ofisini, mama wa watu ametembea mwambani na kijiti chake wakati wa bamvua, maji yakitoka sana, amepata kapweza kadogo, umnyang'anye? Lakini pweza anaishi kama mwaka mmoja na kidogo tu na anakua haraka mno, ukimwacha wiki chache uzito unapanda kweli kweli. Ndio maana Madagascar tangu 2004 wanafunga miamba pweza wasivuliwe kwa miezi kadhaa halafu wanafungua, na hapa kwetu Mafia, Songosongo na Pemba wamefanya hivyo hivyo, wanakijiji wenyewe wakakubaliana. Sasa fikiria mmekubaliana hivyo, akina mama wamevumilia msimu mzima, halafu usiku anakuja jamaa kutoka kijiji kingine anazoa wote. Bila mtu wa kumkamata, walioumia ni wale waliotii. Hapa ndipo mnyonge wangu mimi alipo.

Haya, upande wa pili. Operesheni za 2018, ile ya Sangara kwenye maziwa na ile ya MATT baharini, kikosi kazi cha vyombo mbalimbali vya serikali, zilifanywa kwa kishindo. Baruti ilipungua sana, hilo hata waliokuwa wanazilaumu walikiri. Ila nyavu zilichomwa milima kwa milima, na nyingine zilinunuliwa dukani, mchana kweupe, kwa mkopo. Mvuvi akauliza, kama hii ni haramu aliyeniuzia yuko wapi? Hakujibiwa. Mwaka huohuo maofisa wakaingia na rula kantini ya Bunge kupima samaki waliokwisha kupikwa kama wamefikia urefu unaoruhusiwa, nchi nzima ikacheka, na kicheko kile kiliidhuru sheria kuliko mvuvi haramu yeyote. Ukiongeza stori ya Tawariq 1, ile meli ya kigeni iliyokamatwa 2009 kwa tuhuma za kuvua bila leseni tukala "samaki wa Magufuli", kesi ikaenda miaka, Mahakama ya Rufani ikaja kuitengua, mvuvi wa kokoro, ule wavu wa kukokota unaozoa hadi samaki wachanga, humwambii kitu. Yeye wavu wake ulichomwa siku hiyohiyo bila hakimu.

Kwa hiyo hasira naielewa. Ila dawa yake sio kulegeza, na watu wa Mwanga na Simanjiro wanaolijua bwawa la Nyumba ya Mungu hawahitaji kuambiwa, kokoro likiachiwa perege wanakuwa wa kidole, halafu bwawa linafungwa na anayelala njaa ni yuleyule wa mtumbwi. Mi naona kosa la operesheni ni kwamba zinakuja kama mvua za vuli, zinapiga mwezi, zinaondoka, na zinaanzia kwa mtu wa mwisho. BMU, zile kamati za wavuvi wenyewe, ndio wanaobaki pale mwaka mzima, wanamjua kila mtu kwa jina, na doria wanaambiwa wafanye bila mafuta ya boti na bila posho, halafu wakimkamata jirani yao anatoka kesho yake anawapita barabarani anawacheka.

Alafu hiyo baruti haichimbwi baharini. Nyingine ni mali ya migodi, machimbo ya kokoto na kazi za barabara, na sisi tunaokaa karibu na Mererani tunajua bidhaa hiyo ina leseni, ina stoo, ina mtu aliyesaini kuipokea. Mvuvi akikamatwa na chupa yake, swali la kwanza liwe kanunua kwa nani, wapande nalo juu mpaka kwenye daftari la stoo ilikotoka, na huyo wa stoo asimame kizimbani siku moja na mvuvi. Duka la nyavu nalo hivyo hivyo, likaguliwe kabla ya ufuko.