Anzeni na daftari la uandikishaji

Nyinyi mliosoma bweni hapa Lamu mnaotaka kutoa kitabu cha kumbukumbu ya wenzenu waliofariki, msitegemee vichwa vyenu; anzeni na daftari la shule la kuandikisha wanafunzi. Wenye jina Mohamed Ali mtawapata tele! Andikeni majina matatu, nambari ya uandikishaji, bweni, mwaka wa kuingia na wa kutoka, na jina la utani, maana wengine hawajulikani kwa jingine. Kabla ya 8-4-4, mfumo wa elimu wa Kenya wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, kulikuwa na kidato cha tano na sita, kwa hivyo miaka minne si kipimo cha wote. Picha iliyoganda kwenye kioo kwa unyevu msiibandue, rangi itabaki kiooni; ipigeni picha ikiwa ndani ya fremu, kwa mwanga wa ubavuni. Na kabla ya kuchapisha, familia ithibitishe kifo: uvumi wa barazani ushawazika walio hai.