Karate, ngumi na swali la nani wa kufanya naye mazoezi

Jumamosi iliyopita tulikuwa tumemaliza mazoezi ya karate kwenye bwalo la shule tunaloazimwa huku Majengo, Moshi, tunarudisha madawati, wakaingia vijana wawili ambao zamani walikuwa wanafunzi wetu. Mmoja alifika mpaka mkanda wa kijani. Sasa hivi wote wako jimu ya ngumi kule Pasua. Salamu zikaenda vizuri, shikamoo sensei, marahaba, za nyumbani, alafu yule wa mkanda wa kijani akasema, kwa heshima zote lakini akimaanisha, kwamba sisi huku bado tunapiga hewa, na yeye miezi minane ya ngumi imemfundisha kupigana kuliko miaka minne aliyokaa kwetu.

Hiyo kauli nimetembea nayo wiki nzima, kwa sababu nusu yake ni kweli kabisa. Na hiyo nusu ya kweli inabidi tuiseme kwanza sisi wenyewe, maana watu wa karate tuna tabia moja mbaya, ukituuliza swali la ngumi tunakujibu habari za nidhamu na roho.

Nilimwambia tucheze raundi moja ya dakika tatu, mwenzake akaniazima glovu. Ngumi yake ya mbele ilinifikia usoni mara tatu kabla mimi sijamgusa. Na niliiona inakuja. Shida ni kwamba kila nikipiga kwa mkono wa kulia, wa kushoto unakimbilia kiunoni wenyewe, ndo hikite hiyo, miaka 17 ya kihon, yaani mazoezi ya msingi, imeshaingia kwenye mwili, wakati mtu wa ngumi mkono wake ukishapiga unarudi shavuni. Hikite ina maana yake, ule mkono unaorudi kiunoni unatakiwa uwe umeshika kitu, mkono wa mtu au shati lake, unamvuta aje mwenyewe kwenye ngumi yako. Kama hujashika kitu, umeacha tu uso wazi. Dakika ya mwisho akachoka kidogo akaniegemea, nikamkamata juu ya kiwiko, nikavuta, nikamfagia mguu wa mbele, akapiga magoti. Akasema, "Hiyo kwetu faulo, sensei." Kweli ni faulo. Tukaishia hapo tukanywa maji.

Kwahiyo hoja yao ya kwanza naikubali bila kujitetea. Jimu ya ngumi, tena hata ile yenye begi moja lililoshonwa kwa turubai, kila wiki unasimama mbele ya mtu ambaye hataki kukusaidia. Anakukwepa, anakurudishia, anakuchosha. Dojo nyingi, yaani shule za karate, za hapa Moshi na Arusha mwanafunzi anaweza kukaa mwaka mzima akipiga mstari mbele, mstari nyuma, na mwenzake akimrushia ngumi moja anasimama kama sanamu asubiri kuvunjwa. Ukimchukua mtu wa miezi sita wa ngumi na wa miezi sita wa karate ukawaweka nje ya kibanda cha chipsi usiku, mimi naweka hela yangu kwa wa ngumi.

Alafu kuna suala la riziki, nalo sio dogo. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alienda Birmingham akampiga Sam Eggington raundi ya pili, mbele ya watu wake mwenyewe. Kijana wa Ngarenaro au wa Pasua anayeona vile anaona njia ya maisha. Karate haina hiyo njia. Hata Olimpiki tuliingia mara moja tu, Tokyo, alafu Paris 2024 tukaachwa nje.

Na hiyo Tokyo yenyewe ndo watu wanatuchekea mpaka leo. Fainali ya wanaume wazito, Agosti 2021, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia anaongoza 4 kwa 1, anapiga teke la kichwa, Sajad Ganjzadeh wa Iran anazimia, anatolewa na machela. Aliyezimia ndo akapewa dhahabu, kwa sababu kwenye ule mchezo teke la kichwa linatakiwa lifike likiwa limeshikwa breki, na Hamedi hakushika breki. Ukiielewa sheria unaona waamuzi walikuwa sahihi. Lakini mzazi anayeangalia kwenye simu haelewi, anaona tu aliyelala kashinda, na mimi simlaumu. Mchezo wa pointi una tatizo kweli, unapiga moja, refa anasema yame, yaani acheni, mnaachana. Mwili unajifunza kuacha baada ya pigo la kwanza, na mtaani pigo la kwanza ndo linaanzisha mambo.

Sasa hapa ndo naachana na wale vijana wangu.

Wanachopenda kunitajia ni UFC ya kwanza, yale mapambano ya kuchanganya mitindo, Denver, Novemba 12, 1993, ambapo mitindo mbalimbali iliingia kwenye chuma, yaani ulingo uliozungushiwa uzio, na Royce Gracie akatoka mshindi kwa jiu-jitsu. Wanasema pale ndo karate ilipozikwa. Lakini mtu wa kwanza kabisa Gracie kumlaza siku ile alikuwa mwanamasumbwi, Art Jimmerson, aliyeingia amevaa glovu moja, akaangushwa chini akakubali kushindwa. Kwanini hakuna anayesema ngumi zilizikwa Denver? Kila mtu anaelewa kwamba ngumi ni mchezo wenye mipaka yake, ukiutoa nje ya mipaka unahitaji nyongeza. Karate tu ndo inanyimwa huo uelewa. Na wenye nyongeza walirudi, Lyoto Machida, mtoto wa Shotokan, mtindo mmoja wa karate, alichukua ubingwa wa UFC Mei 2009 kwa umbali uleule na kuingia kulekule kwa ghafla ambako wanakuita kucheza ngoma, ila alikuwa ameshajifunza mieleka na jiu-jitsu pia. Georges St-Pierre, bingwa mwingine wa UFC, alianza na karate ya Kyokushin akiwa mtoto. Hao sio ushahidi kwamba karate peke yake inatosha, ni ushahidi kwamba mle ndani kuna kitu.

Lakini ukweli ni kwamba mimi hoja ya kwenye chuma hainigusi sana, kwa sababu hakuna hata mmoja bwaloni kwetu anayeenda kwenye chuma. Kinachonigusa ni ile "mnapiga hewa", yaani kata, ule mfululizo wa mapigo uliopangwa ambao mtu anaufanya peke yake. Ndo kitu kinachochekwa kuliko vyote, na mimi kwa maisha ya huku naona ndo kitu chenye faida kuliko vyote.

Ntaeleza kwa mtu mmoja. Tuna kijana wetu ni mgumu, mbeba mizigo wa mlimani. Msimu ukiwaka, kuanzia Juni mpaka Oktoba, alafu tena Desemba mpaka Februari, anapata tripu tatu kwa mwezi kama bahati ipo. Njia ya Marangu tuseme siku 6. Piga hesabu, tripu tatu ni siku 18 mlimani, toa siku moja ya kulala baada ya kila tripu, zimebaki 9. Sisi tunafanya mazoezi Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, kwahiyo kwenye hizo siku 9 akijitahidi sana anakuja mara nne, na mara mojawapo atafika miguu imevimba. Mara nne kwa mwezi, kwa miezi nane ya mwaka! Mwambie huyu ajiunge na jimu ya ngumi. Atakuja, atapigwa na watu walioongeza wiki mbili za sparingi wakati yeye kabeba kilo 20 za mgeni kwenda Kibo, atarudi tripu nyingine, atapigwa tena, msimu wa pili ameacha. Nimeshawaona watatu wa hivyo, na sio wavivu hata kidogo, mtu anayepanda ule mlima na mzigo huwezi kumwita mvivu.

Huyu wetu hajaacha, huu mwaka wa sita. Anafanya kata ya Sanchin kule Horombo, mita 3,720, asubuhi kabla hawajavunja kambi. Sanchin haihitaji nafasi, hatua tatu mbele, unageuka, pumzi inavutwa na kutolewa kwa mkazo wa mwili mzima, kwenye hewa nyembamba vile nadhani inamtesa kuliko sisi huku chini. Akirudi namsimamisha katikati ya bwalo, napita nyuma yake nampiga makofi ya mabega na mapaja kuangalia kama mkao umekaza, na ninajua palepale kama kafanya au hajafanya. Hata kama hajagusana na mtu siku 18, hajarudi nyuma.

Mtu wa ngumi ataniambia hata sisi tunapiga kivuli, tunaweza kupiga kivuli Horombo. Sawa kabisa. Ila ukipiga kivuli unarudia vile unavyovijua tayari. Kata inabeba na vile ambavyo bado hujavielewa. Kwenye kata ya Seiyunchin hakuna teke hata moja, ni kukaa chini kwenye shiko-dachi, mkao wa miguu iliyopanuliwa na magoti yamekunjwa, na kuvuta, kushika, kuzungusha mikono, na huyu kijana aliifanya karibu mwaka mzima akiamini ni mazoezi ya mapaja tu. Siku moja mimi na yeye tukaifungua kwa bunkai, yaani kutumia kila mwendo wa kata kwa mtu halisi, nikamshika ukosi wa gi, ile nguo ya karate, nikamwambia fanya ile ya pili, akajikuta kanikunja kiwiko. Ilikuwepo mwilini mwake mda wote, alikuwa anaipandisha na kuishusha mlima bila kuijua. Hiyo mwalimu wa ngumi hawezi kukupa akiwa hayupo, na huku kwetu mwalimu na mwenzio wa mazoezi mara nyingi hawapo. Sio wagumu tu. Dereva wa magari ya utalii anaishi Serengeti wiki nzima. Dada anayeuza nguo soko la Memorial anafunga biashara giza limeshaingia. Mwanafunzi anaenda bweni miezi mitatu.

Na hii haikutokea kwa bahati. Anko Itosu alipoingiza karate kwenye shule za Okinawa mwanzoni mwa miaka ya 1900 ndo zikatoka zile Pinan tano, ambazo Shotokan wanaziita Heian, kata za watoto wa shule, wengi, uwanja mmoja, mwalimu mmoja. Kwahiyo anayesema karate imekaa kishule amesema kweli. Iliundwa iweze kufundishwa palipo na watu wengi na vifaa hakuna, alafu kila mmoja aende nayo nyumbani. Chi-ishi zetu, vile vyuma vya kuimarisha mikono, tumetengeneza wenyewe, kopo la rangi limejazwa zege na mpini wa fagio katikati. Hakuna begi, hakuna ulingo, glovu jozi mbili tu. Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyefundisha karate ya mtindo wa Goju-ryu Dar es Salaam miaka ya 1970, alikuta nchi isiyokuwa na vifaa hivyo, na ilishika, mpaka leo kuna wazee wanafanya.

Na nikisema wazee namaanisha wazee. Habari ya kichwa sitaikuza, iko wazi tangu daktari Harrison Martland alipoandika mwaka 1928 kuhusu mabondia waliokuwa wanatembea kama walevi bila kulewa, ni suala la miaka mingapi na mapigo mangapi. Ninachosema ni kwamba mama mmoja wa Rau ana miaka 58 na anafanya kata ya Tensho kila alfajiri kwenye kibaraza chake. Kwenye jimu za ngumi nilizotembelea sijamkuta mtu wa umri wake, labda akiwa ameshika saa ya raundi.

Haya yote hayatusafishi sisi walimu. Kuna dojo niliwahi kupita hapa kaskazini ambayo mtihani wa mkanda ulikuwa kila baada ya miezi mitatu na kila aliyelipa alifaulu, watoto wa miaka 9 wana mikanda ya kahawia na hawajawahi kuguswa pua. Huyo mtoto akipigwa shuleni anajua alidanganywa, na ana haki ya kukasirika. Yule kijana wa mkanda wa kijani na yeye tulimkosea, japo sio kwa njia hiyo. Miaka minne tulimpa kata bila kumfungulia, na sparingi ya pointi mara moja kwa mwezi. Hewa aliyokuwa anapiga tulimpa sisi.

Kwahiyo mzazi akiniuliza leo, mtoto wake wa miaka 16 anataka kupigana, ana mwili, ana mda, yuko mjini siku zote, namwambia mpeleke kwenye ngumi, na namtajia na jimu. Kama ni mtu ambaye maisha yake yanamtoa mjini kila wiki mbili, au ana watoto, au ameshapita miaka 35 na anataka kitu cha kufanya mpaka uzeeni, namwambia aje bwaloni, ila aulize kwanza kama huyo mwalimu anafungua kata na kama kuna siku watu wanavaa glovu.

Kwetu hiyo siku sasa ipo. Nimeongea na wale vijana wa Pasua, watakuja kila Jumamosi saa kumi jioni, raundi tatu na kila mmoja wetu, mikono inarudi shavuni, alafu kama bado wana nguvu wanabaki kwenye Seiyunchin. Yule mgumu wetu anashuka Ijumaa. Nimemwambia asilale sana, nataka aanze yeye na yule wa kijani.