Usiniulize njia ipi, niambie una siku ngapi

Kila ikifika Desemba simu zinaanza. Kuna anayehama Ohio kwenda California, kuna anayempelekea mdogo wake gari Arizona, na wote wanataka niwaambie wapite barabara gani wasikutane na theluji. Wananiuliza mimi kwa kuwa nimeshavuka Marekani kwa gari mara tatu wakati wa baridi, na mara moja kati ya hizo nilikwama. Nami huwajibu kwa swali ambalo haliwafurahishi: una siku ngapi?

Maana ramani haina siri. Columbus, Ohio, hadi Los Angeles ni zaidi ya maili 2,200. Ukiing'ang'ania I-70 (hizi zenye herufi I ni barabara kuu zinazounganisha majimbo) utapanda milima ya Colorado na kupita Eisenhower Tunnel, mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukichagua I-80 kuna Wyoming, na kule kati ya Laramie na Rawlins shida si theluji inayoanguka tu, ni upepo unaoizoa ile ya juzi na kuimwaga barabarani mpaka huoni boneti yako. Wakifunga mageti ya barabara, umelala hapo hapo. Ndiyo maana wengi wanashuka na I-44 hadi Oklahoma City, kisha wanashika I-40. Njia ya kusini hiyo, wanasema, kana kwamba wanakwenda Lindi.

Lakini I-40 inapita Flagstaff, mji wa Arizona ulio mita 2,100, juu kuliko Nairobi, na theluji yake si ya kupigia picha. Kuukwepa inabidi uteremke hadi Dallas, ufuate I-20 na I-10 kupitia El Paso na Phoenix, maili kama 300 za ziada. Mimi naipenda njia hiyo. Lakini hata Texas yenyewe, alfajiri moja ya Februari 2021, magari zaidi ya 130 yalirundikana kwenye barafu pale Fort Worth na watu sita wakafa. Januari 2022 ikawa zamu ya Virginia: I-95 ilifungwa, watu wakalala ndani ya magari, akiwemo Seneta Tim Kaine aliyekaa barabarani saa 27.

Dhoruba za huku kwa kawaida hutoka magharibi kwenda mashariki, na nyingi hukupita ndani ya siku moja au mbili. Anayeelekea California anakutana nazo uso kwa uso, na hiyo ni bahati yake, kwani akitulia moteli zinamjia na kumpita. Mwenye kazi ni anayerudi mashariki, anaweza kusafiri na dhoruba moja siku tatu kama wamekata tiketi pamoja. Kwa vyovyote vile, safari ya siku nne ipange kwa siku saba. Chukua vyumba unavyoweza kufuta bila kukatwa pesa, na usiuamini utabiri wa zaidi ya siku tatu mbele.

Hapa ndipo tunaposhindwana na ndugu zangu, kwa sababu tumelelewa na safari za aina nyingine. Kwetu safari ni kudamka. Saa kumi usiku mabegi yameshapakiwa, mama kasimama na chupa ya chai. Huku wakati wa baridi hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote, barabara imeganda usiku kucha na magari ya kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu huenda hayajapita. Subiri jua lipande kidogo. Halafu kuna wenyeji. Umemwambia mtu utafika Jumamosi, kachinja kuku, kaita watu. Unaona aibu kumpigia simu. Naamini aibu hiyo imewatia wengi mtaroni.

Ile mara niliyokwama nilikuwa na shemeji yangu, Missouri, tumeshaipita Rolla. Utabiri ulisema mvua, na kweli ilikuwa mvua, ila ile inayoganda: juu angani kuna joto, chini kuna baridi, tone linashuka likiwa maji na likigusa kitu linakuwa kioo. Nilishtuka waipa zilipoacha kufuta na kuanza kukwaruza, mpira wake umevaa barafu. Lami ilionekana imelowa tu. Kwenye daraja dogo nyuma ya gari ikasogea kushoto, taratibu, bila kelele yoyote, na usukani ukawa mwepesi mkononi kama wa gari la kuchezea la mtoto. Madaraja hutangulia kuganda kwa kuwa baridi inayapiga juu na chini. Sikukanyaga breki. Wala si ujuzi, mguu uligoma. Gari likajirudi lenyewe.

Shemeji, ambaye tangu St. Louis alikuwa akisema tukaze tulale Tulsa, akasema kwa sauti ndogo, "Shem, toka hapa."

Tukatoka. Siku mbili moteli, chapati baridi na chai tuliyochemsha kwa mashine ya kahawa. Nje kila unyasi ulikuwa umefunikwa kioo chake, ukiukanyaga unalia.

Mengine unayajua au utaambiwa dukani. Matairi yawe na alama ya mlima wenye kipande cha theluji, si M+S (matope na theluji) peke yake. Maji ya waipa yawe yasiyoganda, tangi lisishuke chini ya nusu, na piga 511, namba inayofanya kazi katika majimbo mengi, uulize hali ya barabara. Ukikwama na injini inanguruma, shuka uondoe theluji kwenye ekzosi, la sivyo moshi utakurudia ndani, nao una gesi ya sumu isiyo na harufu.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, barabara ilikuwa nyeusi na kavu. Shemeji akaanza kuhesabu kwa sauti malori yaliyolala mtaroni. Alipofika kumi na moja akanyamaza.

California tulifika tumechelewa siku mbili. Mwenyeji wetu alitupokea mlangoni, akatutazama, akasema, "Kuku wenu nilimrudisha kwenye friza."